Kumsomea Mtoto Ndiko Kumfundisha Kusoma

Suala la leo ni jinsi ya kumsaidia mtoto mdogo ajue kusoma na apende vitabu. Mara nyingi mambo haya mawili hupangwa kwa zamu: kwanza ajue, na kupenda kutakuja baadaye, kukija. La kwanza hubebeshwa shule, na la pili huachiwa bahati, kana kwamba ni anasa ya watoto wachache ambao wazazi wao wana nafasi. Ninachotaka kutetea hapa ni kwamba mpangilio huo umegeuzwa miguu juu kichwa chini. Mtoto hufikia kusoma vizuri kwa kusoma sana, na hakuna mtoto wa miaka sita au saba anayedumu katika jambo lisilomfurahisha. Basi furaha ya kitabu ni sehemu ya mafunzo yenyewe. Nayo huanzia pale mtu mzima anapoketi na mtoto akamsomea, kabla hajaijua herufi hata moja, na akaendelea kumsomea hata baada ya kuzijua zote.

Tuanze na neema tuliyo nayo. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Kina irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Mtoto akishashika ma, me, mi, mo, mu, na akaelewa kwamba kanuni hiyohiyo ndiyo inayotawala ba na ka na ta, anaweza kutamka hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Magumu yapo, lakini yanahesabika: mbw ya mbwa, nyw ya nywele, ng' ya ng'ombe isichanganywe na ng ya ngoma, na zile dh, th na gh zinazomtatiza mtoto ambaye kwao hazitamkwi. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Kifini, Kigiriki, Kihispania na Kiitaliano, lugha ambazo maandishi yake hufuata matamshi kwa karibu, walisoma kwa usahihi karibu maneno yote ya kawaida waliyowekewa. Wale waliojifunza kwa Kiingereza, huko Scotland, walipata takriban theluthi moja. Kwa tahajia, Kiswahili kimeketi pamoja na Kifini na Kihispania, na mtoto wa Tanga au Kakamega anayeanza kusoma kwa Kiswahili anapewa njia iliyonyooka kuliko ya mtoto wa Edinburgh.

Kwa neema hiyo tungetarajia mtoto wetu amalize darasa la pili akisoma bila shida. Sivyo ilivyokuwa. Watafiti wa mpango uitwao Uwezo walipopita majumbani kupima watoto nchini Tanzania mwaka 2010, walikuta takriban watatu tu katika kila kumi wa darasa la tatu wakiweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Upimaji wa kitaifa wa darasa la pili uliofanyika mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliosoma na kuelewa kwa kiwango kinachotakiwa hawakufika hata mmoja katika kumi. Watu walishtuka, na walikuwa na haki ya kushtuka. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili Tanzania ukapunguzwa masomo na kujengwa upya juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka huohuo Kenya ikaeneza mpango wa Tusome katika shule za umma, uliokusudia kila mtoto awe na kitabu chake mwenyewe badala ya dawati zima kugombea kimoja. Hatua hizo zilikuwa sahihi. Mtoto asiyetambua silabi hawezi kusoma, na hakuna hadithi tamu itakayoziba pengo hilo. Nalisema mapema ili mtu asidhani nampuuza mwalimu wa darasa la kwanza na kadi zake za silabi. Kazi yake ni ngumu, na watoto themanini mbele yake wanaifanya kuwa ngumu zaidi.

Lakini silabi ni nusu ya kazi. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza usomaji kwa namna ambayo watafiti wengi wameendelea kuitegemea: kuelewa unachosoma ni zao la mambo mawili yanayozidishwa, yaani uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Mambo hayo huzidishwa, hayajumlishwi, kwa hiyo moja likiwa sifuri jibu ni sifuri. Sisi wa Afrika Mashariki ushahidi wa jambo hili tunao karibu. Katika vyuo vya Kurani vya pwani mtoto huanza na alifu, akazishika irabu zake, akasoma Juzuu Amma mpaka mwisho kwa ufasaha unaopendeza, ilhali Kiarabu chenyewe bado hakijui. Kwa ibada, usomaji huo una heshima yake na makusudi yake, na maana hufundishwa kwa wakati wake. Lakini mtoto akikisoma kitabu cha sayansi cha darasa la nne kwa namna hiyohiyo, akatamka kila silabi sawasawa na asiambulie kitu, hapo tumempoteza, na huenda mwalimu asitambue, kwa sababu masikioni mwake mtoto yule anasoma.

Tutazame kwa karibu kinachotokea mtoto anapokutana na sentensi ya kawaida kabisa ya hadithi: "Walipomkaribia, sungura akachomoka, akatokomea kichakani." Neno la kwanza tu lina silabi nane: wa-li-po-m-ka-ri-bi-a. Mtoto anayezitamka moja moja, kidole kikifuata, akifika kwenye bi ameshasahau kama ni wao waliomkaribia yeye au ni yeye aliyewakaribia wao. Kichwa kimejaa silabi, na sungura hana pa kukaa. Mwenzake aliyesomewa hadithi jioni nyingi akifika wa-li-po tayari anajua kwamba linakuja tendo, na kwamba baada ya tendo hilo kutatokea jingine, kwa sababu umbo hilo limezoeleka masikioni mwake. Akikuta akachomoka, ile ka haimbabaishi. Ameisikia ikisukuma kila hadithi mbele, akaenda, akakuta, akauliza, akajibiwa. Lugha inamtangulia na kumngoja mbele, ndiyo maana anasoma haraka. Sasa maneno hayo angeyapata wapi kama si hadithini? Mazungumzo ya kila siku na mtoto mdogo ni ya amri na mahitaji: njoo, kaa, lete, acha, umenawa? Hakuna anayemwambia mtoto jikoni kwamba paka ametokomea. Na kwa mtoto ambaye nyumbani husemwa Kisukuma, Kimakonde au Kidholuo, akakikuta Kiswahili shuleni, jambo hili lina uzito maradufu, maana anajifunza herufi na lugha kwa mkupuo mmoja.

Monique Sénéchal na Jo-Anne LeFevre waliwafuatilia watoto nchini Kanada kwa miaka kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Walikuta kwamba nyumbani kuna njia mbili, na kila moja inafika kwake. Watoto waliofundishwa herufi na wazazi wao waliwahi kutambua maneno. Waliosomewa hadithi walikuwa na msamiati mpana na ufahamu mzuri zaidi wa lugha. Mzazi mwenye haraka angechagua njia ya kwanza na kuiacha ya pili, kwa kuwa faida yake huonekana darasa la kwanza. Lakini ule ufahamu wa lugha uliotokana na hadithi ulijitokeza katika usomaji wa darasa la tatu, wakati vitabu vinapoacha kuwa sentensi za maneno matatu na kuanza kueleza mambo. Mbegu ilikuwa imepandwa miaka mitatu nyuma, nyumbani, kwenye mkeka. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi ya kumsomea mtoto isipimwe kwa kile anachoweza kutamka mwisho wa muhula.

Kuna namna ya kusoma inayozaa kuliko nyingine. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walichukua wazazi ambao wote walikuwa tayari wanawasomea watoto wao wa miaka miwili hivi. Nusu yao walifundishwa kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, kulipanua jibu la mtoto, na kumsifu anapojaribu. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi hilo walikuwa wamewaacha wenzao kwa miezi kadhaa katika uwezo wa kujieleza. Kwa Kiswahili cha sebuleni mambo huenda hivi: badala ya kunyoosha kidole na kuuliza "Huyu nani?", mzazi anauliza "Unadhani fisi atafanya nini?" Mtoto akisema "Fisi kula," anajibiwa "Eeh, fisi anataka kuila nyama yote peke yake." Amesahihishwa bila kukatizwa, na sentensi kamili ameondoka nayo. Na anapotaka kurudi kwenye picha ya mamba kwa mara ya nne, mwache arudi. Ukurasa uliomvutia ndio unaomfundisha.

Baadhi ya watu hudai kwamba kumsomea mtoto ni desturi ya kigeni, kwamba sisi ni watu wa masimulizi. Ninaiheshimu hoja hii kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu hiyo iko upande wangu. Anayesema "Paukwa!" na kungoja "Pakawa!" hasimulii kabla hadhira haijakubali kushiriki. Anayetega kitendawili anauliza swali lililo gumu kuliko yote aliyoyabuni Whitehurst, na akishindwa mtegwa hudaiwa mji. Kumshirikisha msikilizaji ni mbinu ya bibi zetu. Tatizo ni kwamba tulipopokea kitabu hatukukikaribisha kwenye baraza ya masimulizi. Tulikipeleka darasani, tukakiwekea kimya na woga. Mtoto akitegewa vitendawili leo na kusomewa kitabu kesho, sikio lake linafanya kazi ileile.

Wengine husema, kwa uchungu zaidi: mimi sijui kusoma, nitamsomeaje mwanangu? Swali hili lina jibu, na limetoka vijijini magharibi mwa Kenya. Heather Knauer na wenzake waliwapa walezi vitabu vya picha vilivyotungwa kulingana na mazingira ya huko, wakawafunza namna ya kuvizungumzia na watoto: kufuata picha anayoitazama, kuuliza, kungoja, kuongeza maneno. Msamiati wa watoto kuhusu yaliyomo vitabuni uliongezeka, na watoto wa walezi wasiojua kusoma walinufaika kama wenzao. Mama asiyesoma anaweza kufungua kurasa, akasimulia picha kwa maneno yake, akamwomba kaka mkubwa wa darasa la tano awasomee maandishi. Kaka huyo naye anafaidika, pengine kuliko mdogo wake, kwa kuwa amepata msikilizaji asiyemcheka.

Sasa nije kwenye wingi, maana bila wingi wa vitabu maneno yote haya yatabaki hewani. Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya jambo jepesi katika shule za vijijini nchini Fiji. Waliyajaza madarasa vitabu 250 vya hadithi vya Kiingereza, lugha ambayo kwa watoto hao ilikuwa ya pili, wakawataka walimu wawasomee watoto au wawaache wasome wenyewe kila siku. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1983 yalionyesha kwamba kwa miezi minane watoto hao walipiga hatua katika ufahamu wa kusoma kwa kasi ya karibu mara mbili ya kawaida, na mwaka uliofuata faida ikaenea hadi kwenye stadi nyingine za lugha. Hawakuongezewa mazoezi ya sarufi. Waliongezewa hadithi.

Historia yetu inathibitisha upande wa pili wa sarafu hiyo. Wakati wa sensa ya 1967 watu wazima wa Tanzania wasiojua kusoma walikuwa takriban theluthi mbili. Kampeni ya elimu ya watu wazima, iliyopewa msukumo mkubwa mwaka 1970, iliwashusha hadi chini ya mmoja katika kumi kwa hesabu za serikali za mwaka 1986. Ni fahari ambayo mataifa machache yanaweza kujivunia. Walioiongoza walijua kwamba msomaji mpya asiye na cha kusoma husahau, ndiyo maana wakaanzisha maktaba za vijijini na gazeti la Elimu Haina Mwisho. Uchumi ulipoanguka, maktaba hizo zikakosa vitabu vipya, na wengi waliokuwa wakisoma wakarudi walikotoka. Zipo sababu nyingine za takwimu kuporomoka miaka iliyofuata, ikiwemo watoto wasioandikishwa shule, lakini funzo la ukosefu wa maandishi lisitupite. Tukimfundisha mtoto silabi mwezi wa tatu na asishike kitabu cha hadithi mpaka mwezi wa kumi, tunarudia kosa hilo kwa mtu wa miaka saba.

Vitabu ni ghali, naelewa, na kwa mzazi anayehesabu nauli kitabu cha hadithi ni cha mwisho kwenye orodha. Lakini Kiswahili si maskini wa vitabu vya watoto kama ilivyokuwa zamani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, uliwahakikishia wachapishaji kwamba sehemu ya nakala za vitabu vinavyofaa itanunuliwa na kupelekwa shuleni, na hapo waandishi na wachoraji wetu wakapata sababu ya kuwatungia watoto. African Storybook, iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ina hadithi za Kiswahili ambazo mwalimu anaweza kuzipakua na kuzichapisha bila malipo. Simu ileile tunayoilaumu inaweza kubeba vitabu hivyo, mradi mzazi awe ameishika yeye na mtoto yuko pajani. Simu aliyokabidhiwa mtoto ili anyamaze ni jambo jingine kabisa. Na familia kumi za mtaa mmoja, kila moja ikinunua kitabu kimoja na kuzungusha, zina vitabu kumi. Mahali ambapo sikubali udhuru ni shuleni kwenye kabati la vitabu lililofungwa kwa kufuli ili vitabu visichakae. Kitabu cha mtoto kisichochakaa hakikusomwa.

Nimesikia walimu na wazazi wakihofia kwamba kuweka furaha mbele kutalegeza nidhamu, na kwamba bila fimbo au zawadi mtoto hasomi. Kuhusu fimbo sina mengi: mtoto anayechapwa kwa kukwama kwenye silabi hujifunza kwamba kitabu kinauma, na atakikwepa siku ile ile atakapokuwa na uwezo wa kukikwepa. Zawadi ndiyo inayodanganya zaidi kwa sababu inaonekana ya upole. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichunguza watoto wa shule ya awali waliokuwa wanapenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, wakapewa, baadaye walichora kwa hiari yao kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Ukimlipa mtoto peremende kwa kila kitabu, unamwambia kwamba kitabu ni mzigo na peremende ndiyo ujira. Zawadi inayofaa kwa msomaji mdogo ni kitabu kingine.

Hofu ya mwisho ni ya Kiingereza. Wazazi wa mijini hupenda mtoto aanze nacho ili asibaki nyuma. Rudini kwenye ule utafiti wa Seymour: anayeanza na Kiingereza anaanza na tahajia iliyo ngumu kuliko zote zilizolinganishwa pale. Mtoto anayejua Kiswahili, akianza kusoma kwa Kiswahili, huelewa mapema kwamba herufi hubeba sauti na sauti hubeba maana, na ufahamu huo atauchukua hadi kwenye lugha yoyote atakayosoma baadaye. Kumcheleweshea hilo kwa jina la kumwahisha ni kumnyima ngazi iliyo fupi.

Limebaki jambo moja la utekelezaji, na ndilo linaloachwa na wazazi wenye nia njema kabisa. Mtoto akishaanza kusoma mwenyewe, mzazi hushusha pumzi na kuacha kumsomea. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kuacha. Mtoto wa darasa la pili anaweza kufuata kwa sikio hadithi ndefu yenye wahusika sita na hila ndani ya hila, lakini kwa macho yake anaweza sentensi fupi chache kabla hajachoka. Akibakia na zile anazoziweza tu, atadhani vitabu vyote ni "Baba analima, mama anapika," na hataona sababu ya kujisumbua. Basi someni kwa zamu: yeye aya moja, wewe kurasa tatu. Akikwama, hesabu tatu moyoni. Asipolipata neno, mwambie, aendelee, wala usimrudishe mwanzo wa sentensi isipokuwa ameomba mwenyewe. Kitabu kikimchosha akiache na kuchukua kingine. Akitaka kilekile cha jana, msomee kilekile. Endeleeni hivyo mpaka darasa la nne au la tano, au mpaka siku atakapokunyang'anya kitabu kwa kuona unachelewa kufungua ukurasa.